Nani Huamua Kwamba Chombo Kimezeeka?



Kwa wiki tatu sasa kuna karatasi mezani kwangu, hapa nyumbani Boko, inayosubiri saini. Ni mapendekezo ya kamati ndogo ya watu watano iliyoteuliwa katika idara ninayofundisha ili kuangalia hatima ya maabara yetu ya kompyuta. Maabara ina kompyuta 42, zote zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha sita. Mapendekezo yanasema ziondolewe zote na badala yake zinunuliwe mpya zenye prosesa ya kizazi cha 13 au cha juu zaidi. Mwenyekiti wa kamati hiyo ni mimi. Maelezo ya sifa za kiufundi niliyaandika mimi. Hata hivyo, kila nikishika kalamu mkono unasita.

Naandika makala haya kueleza sababu. Naamini karatasi kama hii ipo pia mezani kwa watumishi wengi wa umma, na wanafunzi ndio watakaoishi na matokeo ya saini zetu.

Kwa asiyefuatilia mambo haya, nianze na chanzo. Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma za kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10, uliotolewa Julai 2015. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo. Kilichokoma ni masasisho ya usalama, yaani viraka vinavyoziba mianya ambayo wahalifu wa mtandaoni huitumia kuingia. Mfumo uliofuata, Windows 11, ulipotolewa Oktoba 2021 uliwekewa masharti: kompyuta iwe na chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0, na prosesa, kwa upande wa Intel, iwe ya kizazi cha nane kwenda juu, ukiacha chache mno za kizazi cha saba. Kizazi cha nane kilianza kuuzwa mwaka 2017. Kwa hiyo hata kompyuta iliyonunuliwa mwanzoni mwa mwaka huo, ikiwa mpya kabisa ndani ya boksi lake, imeachwa nje.

Ukitaka kujua ya kwako ni ya kizazi gani, tazama namba inayofuata jina la prosesa. Yenye namba i5-6300U ni ya kizazi cha sita. I5-8250U ni ya kizazi cha nane. Nikiri mapema kwamba tofauti kati ya hizo mbili si ya jina tu: ya kwanza ina viini viwili vya kuchakata, ya pili ina vinne. Sitaki msomaji adhani natetea kongwe kwa sababu ya ukongwe wake. Mwaka 1965 Gordon Moore, aliyekuja kuwa mmoja wa waanzilishi wa Intel, aliandika kwamba idadi ya vipande vinavyoweza kupachikwa ndani ya chipu ilikuwa ikiongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 akarekebisha makadirio yake kuwa kila baada ya miaka miwili. Chipu ya kwanza ya aina hii kuuzwa na kampuni yake, ile 4004 ya mwaka 1971, ilikuwa na transista 2,300. Za leo zina mabilioni. Maendeleo hayo ni ya kweli. Swali langu ni jingine.

Swali hilo sikulizua mimi. Katika kikao chetu cha pili alialikwa fundi wa maabara, mzee anayekaribia kustaafu, atueleze hali ya mashine. Nilimsomea sifa nilizoziandika: prosesa ya i7, kizazi cha 13, RAM ya GB 16. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, kazi gani imeshindikana?"

Sikuwa na jibu. Ukweli ni kwamba sifa zile nilizinakili kutoka kwenye kipeperushi cha muuzaji mmoja. Nilikuwa nimesoma habari ya Windows 10, nikahesabu miaka ya mashine zetu, nikahitimisha. Mimi ninayewakata alama wanafunzi wanaotoa hitimisho kabla ya kukusanya data, nilikuwa nimefanya kosa hilo hilo, na kwa fedha za umma.

Nikaamua kulipa deni. Kwa asubuhi tatu niliketi maabara na daftari, nikiandika kila mwanafunzi anafanya nini na anasubiri wapi. Kati ya mashine 42, saba zilikuwa hazifanyi kazi kabisa. Katika 35 zilizobaki, kazi iliyotawala ilikuwa kuandika, kusoma makala mtandaoni, kujaza fomu katika mifumo ya chuo, na kuchambua takwimu za madodoso ya watu mia mbili au mia tatu. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoielemea prosesa ya kizazi cha sita. Lakini wanafunzi walikuwa wakisubiri, tena sana. Mashine ilichukua takriban dakika nne kuwaka hadi kuwa tayari. Ukifungua kurasa tano za intaneti, ya sita ilikwama.

Fundi alinionyesha sababu. Mashine zetu bado zilikuwa na diski za zamani, zile zenye sahani inayozunguka ndani, na RAM ya GB 4 tu. Prosesa ilikuwa kama mpishi hodari aliyesimama jikoni akisubiri maji yanayochotwa kwa kikombe. Tulikuwa tunataka kumfukuza mpishi.

Nilitaka kuthibitisha kabla ya kusema. Kompyuta yangu mpakato, niliyoinunua ikiwa mtumba, nayo ni ya kizazi cha sita, na kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiilaumu mbele ya mke wangu kila ilipokwama. Jumamosi moja nilipanda daladala ya asubuhi kutoka Boko, nikapita Tegeta na Mwenge katika foleni ya kawaida ya Barabara ya Bagamoyo, hadi Kariakoo. Nilikwenda na nia mbili zilizogombana: kununua diski ya SSD na RAM, au kuachana na mashine ile na kununua ya kizazi cha nane.

Muuzaji kijana alinipokea vizuri. Kwa lugha ya pale, EliteBook G3 ni kizazi cha sita, na G5 kwa kawaida ni cha nane. Akaniambia, "Mzee wangu, G3 kwa sasa imeshakufa. Oktoba hii wanaifunga." Nikageuka na kuona rafu nzima nyuma yake imepangwa G3. Nikamuuliza, "Na hizi zilizokufa zinazikwa wapi?" Akacheka. "Hizo za wanafunzi, mzee. Vyuo vikifunguliwa zinaisha zote."

Sikumlaumu, biashara ni biashara. Lakini jibu lake lilinifuata njiani nikirudi. Katika mlolongo huu wa vizazi, kampuni iliyo ng'ambo inatangaza tarehe, ofisi iliyoko Ulaya au Dubai inatupa mashine zake, kontena linashuka bandarini, na mwisho wa mlolongo yupo kijana wa mwaka wa kwanza aliyetoka Tandahimba au Kasulu, mkononi ana fedha ya bumu, ananunua kitu ambacho hakuna aliyemwambia kwamba wiki chache baadaye hakitapata tena kiraka cha usalama.

Nilinunua SSD na RAM. Nilibadilisha mwenyewe usiku ule sebuleni, mwanangu akinimulikia kwa tochi ya simu kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Ulipowaka tena, mashine ilikuwa tayari kwa kazi katika muda usiofika nusu dakika. Gharama yote haikufika robo ya bei niliyotajiwa kwa G5. Mke wangu, aliyekwisha kusikia malalamiko yangu ya miezi, aliniuliza, "Kwa hiyo baba watoto, ulikuwa unataka kununua nyingine ya nini?"

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Nchi hii, hata hivyo, imewahi kukosea kwa upande wa pili pia. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baada ya mradi wa kuhamishia hesabu za Hazina kwenye kompyuta kwenda mrama, mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini bila kibali maalumu. Marufuku hiyo ilitugharimu. Wenzetu walipokuwa wakijifunza kwa kukosea, sisi tulikuwa tumefunga mlango. Kizazi cha walimu wangu kilikutana na kompyuta kikiwa tayari na mvi.

Nikizitazama enzi hizo mbili, ile ya kufunga mlango na hii yetu ya kuuacha wazi kwa kila kinacholetwa, naona zinafanana kwa jambo moja: katika zote mbili swali la fundi wetu halikuulizwa. Waliokataa hawakuuliza kazi gani ingeweza kufanyika, nasi tunaonunua hatuulizi kazi gani imeshindikana.

Wapo waliowahi kuuliza. Mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya Kiswidi ya IT+46, katika mradi ulioitwa Kilinux, ilitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi kwa Kiswahili. Vijana wale waliunda istilahi, wakatafsiri, wakatoa bure. Huo ulikuwa ushahidi kwamba tunaweza kuwa na kauli katika vyombo tunavyotumia. Kwamba wanafunzi wangu wengi hawajawahi kuusikia mradi huo ni hukumu juu yetu sisi walimu kuliko juu yao.

Sasa nije kwenye hoja zinazonipinga, kwa maana ni nzito.

Ya kwanza ni usalama. Mtu anaweza kusema: iwapo mashine bado zinafanya kazi, tuendelee nazo tu na Windows 10 ile ile. Hapana. Maabara yetu inapitisha taarifa za wanafunzi, matokeo yao, na madodoso ya wananchi waliotuamini. Tangu kuanza kutumika kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, uzembe katika jambo hili si aibu tu, ni kosa. Mashine isiyopata viraka haipaswi kubeba taarifa hizo.

Lakini hapa ndipo nilipogundua jinsi tulivyokuwa tumelala. Microsoft yenyewe imeweka mpango wa kuendelea kutoa masasisho ya usalama ya Windows 10 kwa malipo. Kwa taasisi za elimu zenye leseni stahiki, bei iliyotangazwa ni dola 1 kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, dola 2 kwa mwaka wa pili na dola 4 kwa mwaka wa tatu. Jumla yake ni dola 7 kwa miaka mitatu. Bei hiyo imekuwa wazi kwa muda mrefu. Katika kamati yetu ya watu watano, wenye shahada za uzamivu tukiwa watatu, hakuna aliyekuwa anaijua. Na kwa mashine ambazo hatutaki kuzilipia, upo mfumo wa Linux, wa bure, unaopata masasisho na unaoendeshwa bila tabu na prosesa ya kizazi cha sita.

Kwa watumiaji binafsi habari ni tofauti, na wanaharakati waisome kwa makini. Mpango wao uliotangazwa ulikuwa wa mwaka mmoja tu, hadi Oktoba 2026, kwa dola 30, au kwa kukubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta katika akaunti ya kampuni. Mwishoni mwa Septemba 2025, baada ya shinikizo la shirika la kutetea watumiaji la Euroconsumers, kampuni ilikubali kulegeza masharti hayo na kuutoa mwaka huo bure kwa wakazi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya. Mashine ni ile ile, prosesa ni ile ile na mianya ni ile ile. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na mtu wa kuuliza kwa niaba yao. Sijasikia chama cha watumiaji, serikali ya wanafunzi wala jumuiya ya wahadhiri huku kwetu iliyoandika hata barua moja. Nami nijihesabu humo.

Hoja ya pili ilinijia kwa sauti ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu, na ndiyo iliyoniumiza zaidi. Alikuja ofisini kuomba aongezewe muda wa kuwasilisha utafiti wake. Anachambua picha za setilaiti za Bonde la Msimbazi, kuona jinsi makazi yalivyopanuka kuelekea maeneo ya mafuriko. Kompyuta yake ni ya kizazi cha nne. Hatua moja ya uchambuzi huiacha usiku kucha, na umeme ukikatika alfajiri na betri ikiwa imechoka, anaanza upya. Nilimweleza, kwa fahari kidogo, juu ya SSD yangu na juu ya hoja yangu kwamba hatuhitaji kukimbilia vipya.

Aliinamisha kichwa, kisha akasema, "Samahani Dokta, nisionekane nakosa adabu. Kila siku sisi ndio tunaoambiwa tuvumilie vya zamani. Wewe ulipokuwa unasoma nje, ulitumia ya zamani?"

Hapana. Nilipokuwa nasomea uzamivu ughaibuni nilipewa mashine mpya wiki ya kwanza, na ilipoharibika nilipewa nyingine. Sikuulizwa kazi gani imeshindikana. Mahubiri ya kuridhika na kilichopo ni mepesi mno yakitolewa na aliyekwisha kushiba.

Nilirudi kwenye karatasi nikiwa na macho mengine. Na hapo ndipo nilipoona kile nilichokuwa nakikwepa tangu mwanzo, sababu halisi ya mkono kusita. Katika kiambatisho cha mapendekezo, chini ya orodha ya maabara, kulikuwa na mstari mmoja: kompyuta sita zenye sifa za juu kabisa, kwa matumizi ya ofisi za wahadhiri. Moja ya hizo sita ilikuwa yangu. Ninaandika makala, natuma barua pepe, natayarisha slaidi. Binti yule anachakata picha za setilaiti kwenye mashine ya kizazi cha nne. Tulikuwa tumempa prosesa kubwa mtu mwenye kazi ndogo, kwa sababu tu ndiye aliyeshika kalamu.

Ndugu zangu watumishi wa umma, mnajua kwamba mstari huo si wa idara yangu peke yake. Umo katika bajeti nyingi, umevaa maneno ya kistaarabu: kuboresha mazingira ya kazi, kuendana na teknolojia. Kompyuta yenye nguvu huishia juu ya meza ya mkuu, hutumika kufungua barua, na anayechakata data huazima.

Kwa hiyo nimeandika mapendekezo mapya. Mashine 35 zinazofanya kazi zibaki, ziwekewe SSD na kuongezewa RAM; bei ya kompyuta moja mpya kati ya zile nilizoziandika mwanzo inatosha kufufua zaidi ya kumi. Baadhi zilipiwe masasisho kwa bei ya elimu kwa ajili ya programu zinazohitaji Windows, na nyingine ziwekewe Linux. Zile saba mbovu zitolewe vipuri, na mabaki yakabidhiwe kwa mkusanyaji mwenye kibali badala ya kuishia dampo la Pugu. Kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki katika mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Badala ya mashine sita za wahadhiri, zinunuliwe sita mpya kabisa, za kizazi kipya, zenye kifaa cha kuhifadhia umeme, na ziwekwe maabara kwa mwanafunzi yeyote ambaye kazi yake imeshindikana kwenye hizo nyingine. Atajiandikisha kwa saa, na msimamizi wa utafiti atathibitisha.

Sitadai kwamba mapendekezo haya yatapita. Wenzangu wawili katika kamati hawakufurahishwa. Mmoja aliniambia wazi kwamba fedha isipoombwa yote mwaka huu, mwakani haitatolewa kabisa. Hana makosa, anaujua mfumo wetu wa bajeti unavyomwadhibu anayebana matumizi. Wala sitadai kwamba kizazi cha sita kitaishi milele. Baada ya miaka mitatu hivi tutalazimika kukaa tena, na pengine wakati huo jibu litakuwa kununua zote. Ninachoomba ni kwamba jibu hilo litokane na daftari la maabara badala ya kipeperushi cha muuzaji.

Kikao ni Jumatano ijayo. Nimemwomba fundi wetu ahudhurie na aulize tena swali lake mbele ya wote. Yule binti nimemwongezea wiki mbili, na kwa sasa anatumia mashine ya mhadhiri mwenzangu aliyekubali kuiazimisha nyakati za jioni. Jana alinitumia picha ya kwanza iliyokamilika: Bonde la Msimbazi, nyumba zikiwa nukta nyekundu zilizosogelea mto.